Kupanda miamba ya Saanane na kuiwahi boti ya kurudi: mwongozo kamili

Saanane, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, iko karibu mno na Mwanza mjini, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Ukisimama Capripoint, mtaa wa ufukweni mjini humo, unakiona kisiwa mbele yako. Hifadhi nzima, maji yake yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18 tu, na boti inakuvusha kwa dakika chache. Basi mtu anatoka nyumbani saa tano asubuhi, ndala mguuni, kichupa cha maji mkononi, na anayafikia mawe jua likiwa utosini. Katikati ya mwamba anakata tamaa na kugeuka. Au anafika juu, kisha anashuka mbio kwa sababu wenzake wanaitwa kwenye boti, na hapo ndipo anapoteleza.

Kila anayenisimulia safari iliyoharibika hutaja mambo yaleyale: hatukufika juu, tulianguka, tulikimbizana na boti. Chanzo chake ni kimoja. Safari ilipangwa kuanzia kwenda. Ipange kuanzia kurudi, na mengine yote yatakaa sawa.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku moja kwa mtu anayetokea Mwanza mjini, mwenye afya ya kawaida, asiye na kamba wala vifaa vya wakwea milima. Mbinu za kutembea juu ya jiwe utakazozikuta humu zinafaa pia kwenye vilima vyetu vya bara, maana jiwe ni lilelile.

Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua yoyote kabla ya kuvipata hivi:

- Raba zenye soli laini ya mpira na meno ambayo hayajalika. Ukienda Mlango Mmoja kwenye mitumba, ikunje soli kwa vidole. Ikigoma kupinda kabisa, iache.
- Maji lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, walau. Akiba ya mtoto ibebwe na mtu mzima.
- Chakula kisichoharibika kwa joto: karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, au viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe au matobolwa. Matobolwa nayasifia kwa moyo wote. Ni mepesi, yanashibisha, na hayamwagiki kwenye begi.
- Begi la mgongoni. Mikono yote miwili lazima iwe huru, kwa hiyo mkoba wa begani na kikapu vibaki nyumbani.
- Kofia yenye ukingo, na shati la mikono mirefu.
- Kitenge au kanga moja. Itakuwa kivuli, kitambaa cha kukalia, bandeji ya kufungia mguu uliotenguka, na kinga ya uso nyuki wakija.
- Kitambulisho cha taifa.
- Simu iliyojaa chaji, yenye salio la kulipia na la kupigia.
- Dawa unazotumia kila siku, plasta, na pakiti ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ile ya kuchanganya kwenye lita moja ya maji.
- Mfuko wa kitambaa wa kurudishia takataka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usije nayo.

Usibebe spika ya muziki, na usijipulizie manukato makali siku hiyo. Sababu utaiona kwenye habari ya nyuki.

Hatua ya 1: Ijue boti ya kurudi kabla ya kitu kingine chochote

Siku moja au mbili kabla, nenda au piga simu ofisi ya hifadhi iliyopo Capripoint. Usiulize bei kwanza. Uliza hivi: "Samahani kaka, boti ya mwisho ya kututoa kisiwani ni saa ngapi, na tukitaka kurudi mapema tunaitwaje?" Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Unataka kujua kama boti ina saa zake, au kama kuna mtu wa kupigiwa simu, na huyo mtu ni nani.

Ukishapata saa, hesabu kurudi nyuma. Tuseme umeambiwa saa kumi jioni. Ondoa nusu saa ya kuwa gatini mapema, unabaki na saa tisa na nusu. Ondoa muda wa kushuka, ambao usiuweke chini ya muda wa kupanda. Ukipanda kwa saa moja, jipe saa moja na robo ya kushuka. Umefika saa nane na robo. Hiyo ndiyo saa yako ya kugeuka, hata kama kilele kiko hatua ishirini mbele yako.

Sasa fanya jambo moja zaidi: usiitegemee boti ya mwisho. Panga kurudi na boti ya kabla yake, au omba mfuatwe saa sita au saa saba, na hiyo ya mwisho ibaki akiba. Kule Cape Town watu hupandishwa juu ya Table Mountain kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, huduma iliyopo tangu 1929. Upepo ukizidi, honi inalia juu mlimani na waya unasimamishwa. Aliyekwenda mbali na kituo anabaki na safari ndefu ya kushuka kwa miguu. Sisi waya wetu ni boti, na ziwa likichafuka nahodha hatoki. Tofauti ni kwamba Saanane hakuna njia ya kushuka kwa miguu hadi Mwanza.

Umefaulu hatua hii ukiwa na saa tatu zilizoandikwa kwenye karatasi au simu: saa ya kuvuka, saa ya kugeuka, saa ya kuwa gatini. Kila mtu kwenye kundi azijue, watoto wakiwemo.

Hatua ya 2: Chagua siku, kisha chagua asubuhi

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu zaidi huku kwetu, na mwamba mkavu ni nusu ya usalama. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, unaweza kwenda ila uwe tayari kuahirisha asubuhi hiyohiyo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kuamkia safari. Wana taarifa za Ziwa Victoria pia, zenye upepo na mawimbi.

Kuhusu saa, watu wengi wanadhani jua kali la Mwanza ni saa sita. Kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi na saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, jua letu hufika juu kabisa likikaribia saa saba mchana. Joto la jiwe linafuata baadaye, kwa sababu jiwe huchelewa kushika moto na huchelewa kuuachia. Mwamba ulioukanyaga vizuri saa mbili asubuhi, saa nane unauunguza mkono.

Kwa hiyo lenga kuvuka mapema kadiri ofisi itakavyokuruhusu, uwe juu kabla ya saa nne na nusu, na uwe umeteremka kivulini ifikapo saa sita. Asubuhi pia ziwa kwa kawaida huwa limetulia zaidi. Upepo wa kutoka ziwani huamka mchana, nchi kavu ikishapata joto.

Kama usiku kulinyesha, subiri hadi mwamba ukauke. Jiwe lililo wazi hukauka upesi jua likishatoka. Yaliyo chini ya miti hubaki na unyevu hadi mchana.

Hatua ya 3: Jaribu viatu na miguu nyumbani

Mwaga maji kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo, vaa raba zako, simama na usogeze uzito mbele na nyuma. Zikiteleza hapo, zitateleza kwenye jiwe. Ndala, yeboyebo na viatu vya ngozi vyenye soli ngumu havijadiliki. Makubazi ya tairi yanashika jiwe vizuri, wazee wanayatumia miaka yote, lakini vidole viko wazi na kisigino kinacheza wakati wa kushuka. Kwa mgeni wa miamba, kiatu kilichofungwa ndicho salama.

Fungia kamba ukiwa umesimama kwenye mteremko unaoshuka. Ikiwa vidole vinagonga mbele, ama kaza kamba au tafuta namba kubwa zaidi. Ukilipuuza hili, kucha za dole gumba zitakukumbusha jioni.

Mazoezi ya miguu hayahitaji gym. Anayekaa Mabatini, Igogo au juu Isamilo tayari anayo kila siku anapopandisha ndoo. Wewe wa tambarare, tafuta ngazi ndefu upande na kushuka mara tatu nne kwa wiki, wiki mbili kabla. Tilia mkazo kushuka, taratibu, bila kushika ukuta. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayochoka kwenye kushuka, na ikichoka magoti yanaanza kutetemeka. Mtetemo huo kwenye bapa la jiwe ni hatari.

Hatua ya 4: Malipo na geti

Hapa pafupi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki, basi usije na noti ukitegemea kumkabidhi mtu. Raia hulipa kwa shilingi na kwa nafuu, ila kwa kuonyesha kitambulisho. Uliza kama nauli ya boti na mwongozaji vimo ndani ya kiasi ulichotajiwa au ni pembeni.

Ukitokea stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, shuka mjini kwa daladala, kisha chukua bodaboda au bajaji hadi Capripoint. Weka nusu saa ya ziada, kwa sababu foleni ya asubuhi ikikukamata ratiba yote inasogea.

Chukua mwongozaji, hata kama umewahi kwenda. Anajua nyuki wamehamia ufa gani wiki hii na mamba ameonekana wapi. Msalimie, mwambie wazi uwezo wa kundi lako: nani ana pumu, mama yupi ana magoti mabovu, mtoto yupi anaogopa urefu. Mwambie saa yako ya kugeuka. Muulize anapendekeza njia ipi kwa kundi hilo, na umwamini.

Hatua ya 5: Kuvuka

Vaa jaketi okozi ukiwa bado gatini na ufunge vifungo vyote. Likikaa wazi, ukitumbukia linapanda usoni na wewe unatokea chini. Mshike kwa mabega aliyelivaa ulivute juu. Likifika masikioni, halijakazwa. Mtoto apewe la saizi yake, si la mtu mzima lililofungwa fundo.

Ingia kwa kukanyaga katikati ya boti, mmoja mmoja, kisha kaa. Picha zisubiri.

Kabla ya kupanda yatazame maji. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi katikati ya ghuba, muulize nahodha kwa upole anaionaje hali ya kurudi. Akisitasita, ahirisha. Fedha iliyolipwa isikusukume majini.

Hatua ya 6: Kupanda mwamba

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

*Lisome jiwe kwanza.* Miamba yetu ni ya matale, mikongwe sana, na mvua na jua vimeimenya tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana unakuta magamba mapana ya jiwe yamelala juu ya mwamba mama kana kwamba yameshikana nao. Mengine hayajashikana. Kabla hujaegemea ukingo, ligonge kwa konzi. Jiwe zima linanyamaza, au linatoa mlio mfupi mgumu. Gamba lililoachana linatoa sauti ya uwazi, kama debe. Ukisikia hiyo, usilivute wala usilikanyage ukingoni.

Kisha angalia rangi. Sehemu ya kijivu cheupe yenye chembechembe zinazokwaruza kiganja ndiyo rafiki yako. Michirizi myeusi inayoshuka toka juu ni mapito ya maji ya mvua. Ikikauka inapitika, ikilowa ni utelezi mtupu. Ukoga wa kijani chini ya miti uukwepe kila mara. Na ule mchanga wa chembe kubwa unaokaa juu ya bapa umeangusha watu wengi kuliko mvua, maana chembe zinabiringika chini ya soli. Ufagie kwa pembeni ya kiatu kabla ya kuweka uzito.

Utaona pia michirizi myeupe na ya kahawia inayong'aa ukutani, chini ya nyufa. Huo ni mkojo wa pimbi uliokauka miaka kwa miaka, kwa sababu pimbi wana tabia ya kujisaidia mahali pamoja. Usiweke mkono hapo. Lakini furahi, maana ukitulia dakika mbili utawaona wenyewe wakichungulia.

*Weka soli nzima.* Kwenye bapa linaloinuka, watu hupanda kwa ncha za vidole. Wanakosea. Soli nzima iguse jiwe, kisigino kikishuka kadiri kifundo kinavyoruhusu. Mpira mwingi ukigusa jiwe ndivyo unavyoshika zaidi.

*Simama wima.* Hofu inamfanya mtu ajilaze kwenye mwamba. Akijilaza, uzito unatoka juu ya miguu, miguu inasukumwa nyuma, anateleza. Weka kiuno juu ya miguu, macho mita mbili mbele, na utashangaa jinsi jiwe lilivyo na mshiko.

*Hatua fupi.* Hatua ndefu inakulazimisha kurukia. Pale panapotaka mikono, sogeza kiungo kimoja kwa wakati: vitatu vishike, cha nne kitafute. Usiingize mkono kwenye ufa au shimo usiloliona ndani. Chatu hupenda vivuli vya mawe, na ufa wenye nyuki hauna kibao.

*Mpangilio wa kundi.* Mwongozaji mbele, mtu mzima mwenye miguu imara nyuma kabisa, watoto na wazee katikati. Mwendo ni wa aliye dhaifu kuliko wote. Kwenye mteremko mkali msipandane moja kwa moja juu ya mwingine, kwani kijiwe kikidondoka kitampata wa chini. Ukikiangusha, piga kelele "Jiwe!" mara moja.

*Kunywa kabla ya kiu.* Mafunda machache kila baada ya dakika kumi na tano. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu ni dalili za joto kuzidi. Kaa kivulini, loanisha kitenge uweke shingoni, kunywa taratibu. Kama mtu anaongea ovyo au ameacha kutoka jasho huku mwili ukiwaka, hiyo ni dharura, safari imeishia hapo.

Wapo watakaoshtuka kumwona mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu akipiga pushapu juu ya jiwe. Hana sumu. Mpishe apite.

Unapanda vizuri ukiwa unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na mikono yako ikiwa imegusa jiwe mara chache tu. Ukijikuta unatambaa kwa magoti mahali ambapo mwongozaji anatembea, rudi hatua mbili na uombe njia nyingine. Mara nyingi ipo, kulia au kushoto.

Hatua ya 7: Ukifika juu

Kaa mbali na ukingo kwa urefu wa mwili wako, walau. Picha ya kurudi kinyumenyume simu ikiwa mbele haipigwi juu ya miamba. Anayepigwa picha asimame palepale, mpigaji ndiye asogee, na kabla ya kusogea atazame nyuma.

Tulia sasa. Ghuba ya Mwanza iko chini yako, mji umepanda vilima vyake nyumba juu ya jiwe, na ng'ambo ya magharibi ni upande wa Sengerema. Ni sura ya Mwanza ambayo anayekaa mjini humo haioni kamwe.

Kula kidogo, begi likiwa limefungwa. Tumbili wanajua sauti ya zipu kuliko unavyodhani. Usiwape chakula. Tumbili aliyezoea ndizi ya mgeni ndiye anayemng'ata mtoto wa mgeni wa kesho. Maganda yote yarudi kwenye mfuko.

Saa ya kugeuka ikifika, simama. Ikiwa haijafika lakini wingu jeusi limejikusanya juu ya ziwa, geuka vilevile. Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa thelathini au chini ya hapo, radi iko ndani ya kilomita kama 10, na mtu aliyesimama juu ya jiwe tupu ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Shukeni, msikae chini ya mti uliosimama peke yake, wala msijibane kwenye mdomo wa pango.

Hatua ya 8: Kushuka

Kushuka ndiko kunakovunja watu, na sababu zake zinajulikana: miguu imechoka, akili imeshafika nyumbani, na mtu ana haraka ya boti. Hii ya mwisho umeshaiondoa kwenye hatua ya 1.

Kabla ya kuanza, kaza kamba za viatu upya ili kisigino kikae nyuma. Kunywa maji. Simu iingie mfukoni na ibaki humo.

Kunja magoti kidogo, vidole vielekee chini au pembeni kidogo, soli nzima kwenye jiwe kama ulivyopanda. Kosa la kawaida ni kuegemea nyuma kwa kuogopa. Ukiegemea nyuma, kisigino ndicho kinachobeba na kinateleza kwenda mbele. Mabega yabaki juu ya miguu. Kama mteremko ni mkali mno kwa hilo, geuka uso uelekee mwamba na ushuke kama ngazi ya mbao. Kukaa chini na kuserereka kwa makalio kunafaa kwenye kipande kifupi unachokiona mwisho wake. Kusipoonekana mwisho, usiserereke.

Usiruke jiwe hadi jiwe. Hata lile la hatua moja tu. Ukitua na mguu uliochoka, kifundo kinapinda.

Mtoto ashuke akiwa nyuma ya mtu mzima, si mbele, ili akiteleza apate kizuizi. Mzee mwenye magoti mabovu apewe mkono na aliye chini yake, kiganja kwa kiganja, asivutwe.

Mambo yakiharibika

*Nyuki.* Muziki, kelele na manukato makali huwachokoza. Ukiona mmoja wawili wanakuzungukazunguka kichwani, huo ni ulinzi. Rudini mlikotoka kimyakimya. Wakishambulia, funika uso kwa kitenge na ukimbie mbali bila kusimama, ila angalia mguu unapokanyaga. Usijitose ziwani: nyuki wanasubiri juu, na kuna mamba. Mwiba ukwangue upesi kwa kucha au kadi. Aliyevimba uso au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri wengine.

*Nyoka.* Simama, mwache apite. Akikuuma, vua pete na saa, tuliza kiungo kwa kukifunga kwenye kijiti kwa kitenge bila kukaza, na mtu abebwe asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Bugando na Sekou Toure ziko ng'ambo tu ya maji, basi anza na simu ya boti.

*Kifundo kilichotenguka.* Usivue kiatu. Kaza kitenge juu yake kwa umbo la namba nane, kipande kimoja kipite chini ya soli. Akishindwa kukanyaga hatua nne, ichukulie kwamba mfupa umevunjika.

Kwa yote haya mwongozaji ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa kuwa ana mawasiliano na ofisi. Namba ya dharura ya 112 iwe akilini mwako pia.

Hatua ya 9: Gatini, na wiki zinazofuata

Hesabuni watu kwa majina, si kwa kuangaza macho. Jaketi zivaliwe tena, zifungwe tena. Aliyelowa jasho atatamani kutia miguu majini akisubiri. Mkatalie, hata akiwa baba yako. Mamba hawaonyeshi kichwa kila mara, na kwenye maji ya ukingoni ndimo wanamokaa konokono wanaoeneza kichocho.

Kama kuna aliyeingia majini licha ya hayo, ajue kwamba kipimo cha siku inayofuata hakitaonyesha kitu. Mayai ya kichocho huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Ajifute kwa nguvu papo hapo kwa kitambaa kikavu, kisha baada ya wiki kama sita hadi nane aende zahanati, aseme wazi kwamba aliingia ziwani, na aombe kupimwa choo na mkojo. Homa, upele unaowasha au kikohozi kikija ndani ya wiki hizo, asingoje wiki ya sita. Dawa ya kichocho ipo, na hutolewa kulingana na uzito wa mgonjwa.

Raba zako zioshe jioni hiyohiyo, uondoe vijiwe vilivyokwama kwenye meno ya soli, uzianike kivulini. Jua kali linaukausha mpira, na soli iliyokauka haishiki jiwe.